Kuandika Taarifa za Faili Kwenye Slaidi kwa Kutumia Makro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu PowerPoint kwenye kompyuta za Windows, isipokuwa pale panapotajwa vinginevyo. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini ya programu yenye lugha ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyoenea maofisini. Makro ni mfululizo wa amri zilizoandikwa ili programu izitekeleze yenyewe kwa mpigo mmoja, na msimbo ni maandishi ya amri hizo. Mifano yote ya msimbo imeandikwa kwa VBA, lugha ya makro iliyoingia katika PowerPoint tangu toleo la mwaka 1997.

Kwa nini mtu ahitaji jina la faili kwenye slaidi?

Kwa sababu karatasi iliyochapishwa haina kumbukumbu ya mahali ilikotoka. Katika kikao cha bajeti mezani huwa na nakala tatu zenye kichwa kilekile cha "Taarifa ya Robo ya Tatu". Moja imetoka kwenye faili liitwalo Bajeti_mwisho, nyingine Bajeti_mwisho_kabisa, na ya tatu Bajeti_mwisho_kabisa2, na hakuna anayeweza kusema ipi ni ipi mpaka mtu afungue kompyuta na kulinganisha tarakimu mstari kwa mstari. Maandishi madogo chini ya slaidi, yenye jina la faili na saa ya kuhifadhiwa, humaliza ubishi huo kwa mtazamo mmoja. Vilevile humsaidia mtu anayetakiwa kusahihisha slaidi mwaka mmoja baadaye, wakati aliyeitengeneza amekwishahamia idara nyingine.

Je, PowerPoint haina sehemu ya kuweka jina la faili bila makro?

Haina, na hapa imeachwa nyuma na ndugu zake. Katika Word kuna sehemu iitwayo FILENAME, ambayo ukiiongezea alama ya \p huonyesha jina pamoja na njia nzima ya folda; katika Excel unaweka &[Path]&[File] kwenye kichwa au chini ya ukurasa na kazi imekwisha. PowerPoint, kupitia "Insert" kisha "Header & Footer", inakupa vitu vitatu tu kwa slaidi: tarehe na saa, namba ya slaidi, na maandishi ya kijachini, yaani ya chini ya slaidi, unayoyaandika mwenyewe. Unaweza kuandika jina la faili kwa mkono katika kijachini, lakini siku faili litakapobadilishwa jina, maandishi hayo yatabaki vilevile, na lebo inayotaja faili lisilo lake ni mbaya kuliko kukosa lebo kabisa, kwa kuwa msomaji huiamini.

Ni taarifa zipi ambazo makro inaweza kuzisoma?

Zilizo karibu zaidi ni ActivePresentation.Name, yaani jina la faili, ActivePresentation.Path, yaani folda lilimo, na ActivePresentation.FullName, ambayo huunganisha hivyo viwili. Idadi ya slaidi hupatikana kwa ActivePresentation.Slides.Count. Zaidi ya hapo kuna mkusanyiko uitwao BuiltInDocumentProperties, ambamo unaweza kusoma "Author" kwa jina la mwandishi, "Last Author" kwa aliyehifadhi mara ya mwisho, "Creation Date" kwa siku faili lilipoundwa, na "Last Save Time" kwa saa lilipohifadhiwa. Ukihitaji ukubwa wa faili kwa baiti, amri ya FileLen itakupa kwa faili lililomo kwenye diski ya kompyuta.

Uwe mwangalifu na jina la mwandishi. Mara nyingi huwa ni jina la mtu aliyeunda kiolezo cha ofisi miaka mingi iliyopita, au jina ambalo fundi aliliweka wakati anaisajili programu, na si la mtu aliyeandika slaidi unazozitazama.

Makro inaandikwa wapi?

Fungua PowerPoint, bonyeza Alt na F11 kwa pamoja, na kihariri cha VBA kitafunguka katika dirisha lake. Chagua "Insert" kisha "Module", na uandike au ubandike msimbo katika nafasi nyeupe inayojitokeza. Ili kuiendesha, rudi kwenye slaidi, bonyeza Alt na F8, chagua jina la makro, kisha bofya "Run".

Wanaoanza huuliza kama wanaweza kurekodi makro badala ya kuiandika. Hapo zamani iliwezekana, lakini kinasa makro cha PowerPoint kiliondolewa katika toleo la 2007 na hakijarudishwa, ingawa Word na Excel bado wanacho.

Makro fupi kabisa inayofanya kazi hii inafananaje?

Hii hapa. Inaandika jina kamili la faili katika kijachini cha kila slaidi.

```
Sub AndikaKijachini()
    Dim s As Slide
    If ActivePresentation.Path = "" Then
        MsgBox "Hifadhi faili kwanza, kisha uendeshe makro."
        Exit Sub
    End If
    For Each s In ActivePresentation.Slides
        With s.HeadersFooters.Footer
            .Visible = msoTrue
            .Text = ActivePresentation.FullName
        End With
    Next s
End Sub
```

Sharti (mstari wa If) lililotangulia mzunguko, yaani sehemu ya For Each inayorudiwa kwa kila slaidi, lina sababu yake. Wasilisho ambalo halijawahi kuhifadhiwa halina folda, na jina lake ni la muda tu, mfano Presentation1. Bila sharti hilo, makro ingelibandika jina hilo lisilo na maana kwenye slaidi zote bila kulalamika.

Makro hiyo inasimama katikati na kutoa ujumbe wa kosa. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara tatizo ni mpangilio wa slaidi usio na nafasi ya kijachini. Kila slaidi hufuata mpangilio fulani uliomo katika slaidi kuu, na kama aliyetengeneza kiolezo alifuta kisanduku cha kijachini katika mpangilio mmojawapo, pengine ule wa slaidi ya jina au ule wa picha tupu, PowerPoint haina mahali pa kuyaweka maandishi na hukataa amri. Nenda "View", kisha "Slide Master", chagua mpangilio husika, na uweke tiki kwenye "Footers". Kisha rudi na uendeshe makro upya.

Unaweza pia kuandika On Error Resume Next kabla ya mzunguko ili makro iruke slaidi zenye shida. Mimi siipendekezi, kwa kuwa slaidi zilizorukwa hazitajulikana mpaka zimeshachapishwa.

Kijachini chetu tayari kina jina la idara. Nifanye nini?

Usikiguse. Tumia kisanduku cha maandishi cha pekee ambacho makro itakitengeneza, itakitia alama, na itaweza kukitambua siku nyingine. Jambo hili la kutia alama ndilo linalotenganisha makro ya kutumika mara moja na makro ya kutegemewa, na inafaa kulieleza kwa kirefu.

Makro nyingi zinazopitishwa kutoka mkono hadi mkono huongeza kisanduku kipya kila zinapoendeshwa. Mara ya kwanza slaidi inapendeza. Mara ya tatu pana visanduku vitatu vimelaliana mahali pamoja, majina mawili ya zamani yakichungulia chini ya jipya kama mwandiko uliofutwa vibaya ubaoni. Dawa yake ni mali (sifa) ya umbo iitwayo Tags; umbo ni kitu chochote kilichowekwa kwenye slaidi, kikiwemo kisanduku cha maandishi. Ni lebo iliyofichika, mtazamaji haioni, inahifadhiwa ndani ya faili pamoja na umbo lenyewe, na makro inaweza kuisoma wakati wowote.

```
Function TafutaLebo(s As Slide) As Shape
    Dim k As Shape
    For Each k In s.Shapes
        If k.Tags("LEBO") = "FAILI" Then
            Set TafutaLebo = k
            Exit Function
        End If
    Next k
End Function

Sub WekaLebo(p As Presentation)
    Dim s As Slide
    Dim k As Shape
    For Each s In p.Slides
        Set k = TafutaLebo(s)
        If k Is Nothing Then
            Set k = s.Shapes.AddTextbox( _
                msoTextOrientationHorizontal, 20, _
                p.PageSetup.SlideHeight - 26, _
                p.PageSetup.SlideWidth - 40, 20)
            k.Tags.Add "LEBO", "FAILI"
            k.TextFrame.TextRange.Text = p.Name
            k.TextFrame.TextRange.Font.Size = 8
        End If
        k.TextFrame.TextRange.Text = p.Name & "  |  " & _
            Format(Now, "dd/mm/yyyy hh:nn")
    Next s
End Sub

Sub AnzaLebo()
    If ActivePresentation.Path = "" Then
        MsgBox "Hifadhi faili kwanza."
    Else
        WekaLebo ActivePresentation
    End If
End Sub
```

Makro unayoiendesha mwenyewe ni AnzaLebo. WekaLebo haitaonekana katika orodha ya Alt na F8 kwa sababu inasubiri kupewa wasilisho la kufanyia kazi. Vipimo ni vya pointi, ambapo inchi moja ina pointi 72, kwa hiyo slaidi pana ya kawaida ina upana wa pointi 960 na kimo cha 540, na ile ya zamani ya uwiano wa 4 kwa 3 ina upana wa 720 kwa kimo hichohicho. Kwa kuwa msimbo unasoma vipimo kutoka kwenye PageSetup, lebo itakaa chini ya slaidi kwa ukubwa wowote ule.

Angalia pia kwamba lebo iliyopo haifutwi. Maandishi yake ndiyo yanayobadilishwa. Hivyo, kama umeisogeza kulia au umeipa rangi ya kijivu katika slaidi fulani, chaguo lako litabaki. Faida nyingine huonekana unaponakili slaidi kutoka wasilisho jingine lililowahi kuwekewa lebo: slaidi inakuja na kisanduku chenye jina la faili la zamani, lakini alama yake inakuja nayo pia, na makro ikiendeshwa tena huisahihisha.

Nitaondoaje lebo zote?

Kwa makro ya pili, ambayo ni vyema iandikwe siku ileile ya kwanza.

```
Sub FutaLebo()
    Dim s As Slide
    Dim i As Long
    For Each s In ActivePresentation.Slides
        For i = s.Shapes.Count To 1 Step -1
            If s.Shapes(i).Tags("LEBO") = "FAILI" Then
                s.Shapes(i).Delete
            End If
        Next i
    Next s
End Sub
```

Mzunguko unahesabu kurudi nyuma kwa makusudi. Umbo moja likifutwa, yaliyolifuata hushuka namba moja, na mzunguko unaokwenda mbele ungeruka umbo lililochukua nafasi ya lililofutwa.

Nimebadilisha jina la faili lakini slaidi bado zinaonyesha jina la zamani. Je, makro haijisasishi yenyewe?

Haijisasishi. Makro ikishaandika, kinachobaki kwenye slaidi ni maandishi ya kawaida yasiyo na uhusiano wowote na faili. Ili yasasishwe bila wewe kukumbuka, ni lazima kitu fulani kiiamshe makro kila faili linapohifadhiwa, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa PowerPoint haifanyi kama Word na Excel. Excel ina Workbook_Open na Word ina AutoOpen, lakini wasilisho la PowerPoint halina makro inayojiendesha lenyewe linapofunguliwa. Makro ya Auto_Open inatambuliwa ndani ya programu-jalizi (add-in, faili la makro linaloongezwa ndani ya PowerPoint yenyewe) peke yake.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Katika kihariri chagua "Insert", kisha "Class Module", uipe jina la Mlinzi, na uandike:

```
Public WithEvents App As PowerPoint.Application

Private Sub App_PresentationBeforeSave( _
    ByVal Pres As Presentation, Cancel As Boolean)
    If Pres.Tags("WEKALEBO") = "NDIYO" Then
        If Pres.Path <> "" Then WekaLebo Pres
    End If
End Sub
```

Kisha katika moduli ya kawaida, ile yenye WekaLebo, ongeza yafuatayo, ukiuweka mstari wa Dim juu kabisa, kabla ya taratibu nyingine zote:

```
Dim mlinziWangu As New Mlinzi

Sub Auto_Open()
    Set mlinziWangu.App = Application
End Sub

Sub Sajili()
    ActivePresentation.Tags.Add "WEKALEBO", "NDIYO"
End Sub
```

Hifadhi nakala ya kazi yako kama faili la kawaida la pptm ili uweze kuihariri baadaye, halafu uihifadhi tena kwa aina ya "PowerPoint Add-in", ambayo hupewa kiambishi cha ppam. Nenda "File", "Options", "Add-ins". Chini ya dirisha, kwenye "Manage", chagua "PowerPoint Add-ins", bofya "Go", halafu "Add New", na uonyeshe faili hilo. Tangu hapo, kila PowerPoint inapowashwa, Auto_Open itaanza kusikiliza tukio la kuhifadhi.

Sharti la Tags katika tukio halikuwekwa kwa mapambo. Programu-jalizi husikiliza mawasilisho yote yaliyo wazi, pamoja na lile ulilotumiwa na mteja ulisome tu, na bila sharti hilo ungejikuta umemrudishia faili lake likiwa limejaa lebo zako. Makro ya Sajili huendeshwa mara moja kwa kila wasilisho unalotaka lilindwe. Kwa kuwa makro zilizomo katika faili la ppam hazionekani kwenye orodha ya Alt na F8, iendeshe kutoka kwenye nakala yako ya pptm ikiwa wazi, au mwombe anayejua kuunda kitufe cha utepe akuwekee.

Kuna jambo jingine linalowasumbua hata waliozoea. Kosa lolote likitokea katika msimbo na ukabofya "End", kigezo cha mlinziWangu hupoteza kilichomo, na tukio huacha kusikilizwa kimyakimya mpaka PowerPoint izimwe na kuwashwa tena.

Nikitumia "Save As", lebo inapata jina jipya?

Hapana, si mara hiyo ya kwanza. Tukio hutokea kabla ya faili kuhifadhiwa, na wakati huo wasilisho bado lina jina lake la zamani. Matokeo yake ni kwamba faili jipya linazaliwa likiwa na lebo ya lile la kale. Baada ya "Save As" endesha AnzaLebo kwa mkono, kisha uhifadhi. Vivyo hivyo, ukibadilisha jina la faili katika folda, PowerPoint ikiwa imefungwa, hakuna tukio lolote litakalotokea, na marekebisho yatasubiri uhifadhi utakaofuata.

Kama mawasilisho yako yanahifadhiwa mtandaoni na "AutoSave" imewashwa, tarajia tukio hili litokee mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea. Hiyo ni sababu nyingine ya kubadilisha maandishi ya lebo iliyopo badala ya kufuta na kuunda upya kila mara.

Saa ya kuhifadhi inayoonyeshwa ni ya zamani. Kwa nini?

Kwa sababu umetumia "Last Save Time" ndani ya tukio la kabla ya kuhifadhi, na wakati huo mali hiyo bado inataja uhifadhi uliotangulia. Tumia Now, kama ilivyo katika mfano. Herufi nn katika mpangilio wa saa zinamaanisha dakika. Zimechaguliwa ili zisigongane na mm ya mwezi. Alama ya mkwaju katika tarehe hufuata mipangilio ya eneo katika Windows, hivyo usishangae kompyuta nyingine ikiweka nukta au kistari mahali pake.

Kwa nini nisiiweke lebo kwenye slaidi kuu mara moja tu?

Unaweza, na kwa wasilisho lenye slaidi nyingi ni njia nyepesi, kwa kuwa kisanduku ni kimoja na kinaonekana kote. Vikwazo ni viwili. Wasilisho lililokusanywa kutoka vyanzo mbalimbali huwa na slaidi kuu kadhaa, kwa hiyo msimbo upitie kila kilichomo katika mkusanyiko wa Designs na kuweka lebo katika SlideMaster ya kila kimoja. Pili, slaidi au mpangilio ambao mtu ameuchagulia kuficha michoro ya usuli hautaionyesha lebo hiyo, na huwezi kuliona hilo mpaka uzikague slaidi zenyewe.

Ninataka taarifa zionekane kwenye karatasi tu, si kwenye skrini. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa maoni yangu hilo ndilo chaguo bora kwa ofisi nyingi, kwa kuwa hadhira iliyoketi mbele ya skrini haina haja na njia ya folda. Karatasi za kugawa na kurasa za maelezo zina kichwa na kijachini chake, mbali na vya slaidi. Mistari hii, ikiwekwa ndani ya Sub yoyote, inatosha:

```
With ActivePresentation.HandoutMaster.HeadersFooters.Footer
    .Visible = msoTrue
    .Text = ActivePresentation.FullName
End With
```

Badilisha HandoutMaster kuwa NotesMaster kwa kurasa za maelezo, ukikumbuka kwamba kurasa za maelezo zilizokwisha kuundwa zinaweza kuhitaji kupitiwa moja moja kwa s.NotesPage.HeadersFooters. Sehemu ya Header nayo inapatikana hapa, ilhali kwenye slaidi haipo. Unapochapisha, chagua "Handouts" badala ya "Full Page Slides", la sivyo hakuna kitakachoonekana.

Njia ya folda ni ndefu mno. Ifupishwe vipi?

Mara nyingi folda ya mwisho pamoja na jina la faili vinatosha kumwelekeza mtu.

```
Function NjiaFupi(p As Presentation) As String
    Dim v As Variant
    v = Split(Replace(p.FullName, "/", "\"), "\")
    If UBound(v) > 0 Then
        NjiaFupi = v(UBound(v) - 1) & "\" & v(UBound(v))
    Else
        NjiaFupi = p.Name
    End If
End Function
```

Ubadilishaji wa mkwaju umewekwa kwa ajili ya faili zilizohifadhiwa OneDrive au SharePoint, ambazo FullName yake huanza na https badala ya herufi ya diski. Wasioufahamu ukweli huo hushangaa kwa nini FileLen na amri nyingine za diski zinashindwa kwa faili hizo.

Je, ni salama kuonyesha njia nzima ya faili?

Ndani ya ofisi, kwa kawaida ndiyo. Nje ya ofisi, fikiri mara mbili. Njia kama C:\Users\ hufuatiwa na jina la akaunti ya mtumiaji, njia za mtandao wa ndani hutaja jina la seva, na majina ya folda yenyewe yanaweza kusema mengi kuliko slaidi: folda iitwayo "Zabuni_zilizokataliwa" haipaswi kuonekana katika karatasi anayopewa mzabuni. Endesha FutaLebo katika nakala ya kutuma nje, halafu utumie "File", "Info", "Check for Issues", "Inspect Document" ili kuondoa na jina la mwandishi. Ukaguzi huo hauondoi maandishi yaliyoandikwa waziwazi kwenye slaidi, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Kompyuta inakataa kuendesha makro. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha aina ya faili. Tangu toleo la 2007, faili la pptx haliwezi kubeba makro; ukihifadhi kwa aina hiyo, msimbo wako hutupwa. Tumia pptm.

Pili, kama faili umelipokea kwa barua pepe au umelipakua, Windows imelitia alama kwamba limetoka kwenye intaneti, na tangu mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili za namna hiyo bila kutoa kitufe cha kuziruhusu papo hapo. Ukimwamini aliyelituma, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", weka tiki kwenye "Unblock", kisha ulifungue upya. Kwa matumizi ya kila siku ni afadhali kuweka faili katika folda iliyoorodheshwa kwenye "Trusted Locations" ndani ya "Trust Center". Usichague kuruhusu makro zote, hata kama kuna anayekuambia ndiyo njia ya haraka, kwa kuwa makro ni mlango ambao virusi vimeutumia kwa miaka mingi.

Kama chaguo hizo zimefungwa na huwezi kuzibadilisha, basi ni sera ya ofisi, na wa kuzungumza naye ni msimamizi wa mifumo.

Mpokeaji wa wasilisho atahitaji makro ili kuiona lebo?

Hahitaji. Lakini kuna mtego mdogo: ukiweka lebo katika faili la Bajeti.pptm kisha ukahifadhi kwa ajili ya mpokeaji kama Bajeti.pptx, lebo itaendelea kusema pptm. Epuka hilo kwa kuacha makro katika faili la pembeni. Fungua faili hilo la makro pamoja na pptx unayoishughulikia, simama kwenye pptx, bonyeza Alt na F8, na kwenye "Macro in" chagua "All open presentations". Kwa kuwa msimbo unatumia ActivePresentation, utafanya kazi kwenye lile lililo mbele yako.

Majina yenye herufi za Kiarabu yanaonekana kama alama za kuuliza. Kuna namna?

Kihariri cha VBA hakikubali herufi zote za Unicode, yaani mfumo wa kompyuta unaobeba herufi za lugha mbalimbali, ingawa slaidi zenyewe zinazikubali. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina tatizo hilo. Jina la faili lililosomwa kwa ActivePresentation.Name huandikwa sawasawa kwenye slaidi hata likiwa kwa Kiarabu; kinachoharibika ni maneno unayoyaandika ndani ya msimbo wenyewe, na hayo hujengwa kwa ChrW na namba ya kila herufi.

Makro hizi zinafanya kazi kwenye Mac, simu au kivinjari?

Kwenye Mac, ndiyo, kupitia menyu ya "Tools" kisha "Macro", isipokuwa katika Office ya 2008, ambayo ilitoka bila VBA kabla ya kurudishwa katika toleo la 2011. Kwenye simu na PowerPoint ya kivinjari, hapana. Lebo zilizokwisha kuandikwa zitaonekana, ila makro haitaendeshwa.

Kama situmii PowerPoint, kuna njia nyingine?

Mtumiaji wa LibreOffice Impress hahitaji makro hata kidogo: kwenye "Insert", kisha "Field", kuna "File Name", na sehemu hiyo hufuata jina la faili lenyewe. Iweke kwenye slaidi kuu na itaonekana kote. Katika Google Slides kuna Apps Script, ambapo SlidesApp.getActivePresentation().getName() husoma jina, na mantiki ya kutafuta kisanduku chako kabla ya kuandika kipya ni ileile iliyoelezwa hapo juu, ingawa folda haina maana ileile, kwa kuwa faili la Google Drive hutambuliwa kwa anwani yake hata likihamishwa.

Ukihamisha wasilisho la Impress kwenda PowerPoint, fungua slaidi moja na ukague kama sehemu ya jina la faili imebaki hai au imegeuka maandishi ya kawaida, kabla hujaiondoa programu-jalizi yako.